Kifurushi cha programu ya kuhudumia kontrola ya injini: maana yake na kinachotakiwa kuwamo

Kontrola ya injini ni ile kompyuta ndogo inayosoma sensa na kuamua dizeli iingie kiasi gani na wakati gani. Ipo kwenye jenereta za hoteli za Shela na Malindi, kwenye mitambo ya barafu na kwenye mashine nyingi mpya za boti. Programu ya kuihudumia hukaa kwenye laptopu ya fundi: husoma kodi za hitilafu, huonyesha presha ya oili na joto la maji injini ikiwa inanguruma, hubadilisha mipangilio, na ikibidi huiandikia kontrola programu mpya, yaani kuiflashi.

Kifurushi ni zaidi ya programu hiyo. Ni mkusanyo wa kila kitu inachohitaji ili ifanye kazi kwenye laptopu isiyo na intaneti, vyote vya matoleo yanayopatana na vilivyojaribiwa pamoja. Hayo maneno "isiyo na intaneti" ndiyo yenye uzito. Fundi aliye Malindi mjini akikosa draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha laptopu kutumia kifaa kilichochomekwa, huipakua kwa dakika chache. Aliyeko Kizingitini, kisiwani Pate, ameshavuka maji kutoka Mokowe, na kusi likivuma hana hakika hata ya kurudi siku ile ile. Faili moja iliyosahauliwa humgharimu safari nzima.

Basi ndani yake kuwe na nini? Kwanza kisakinishi kamili, si kile kidogo ambacho kikifunguliwa huanza kutafuta mengine mtandaoni. Pili, vitu ambavyo programu inavitegemea. Hapa ndipo vifurushi vingi hufeli, kwa sababu aliyekitayarisha alikijaribu kwenye laptopu ambayo tayari ilikuwa navyo. Programu nyingi za zamani hutaka .NET 3.5, programu saidizi ya Microsoft, na Windows 10 haiji nayo ikiwa imewashwa. Huiomba mtandaoni, na mtandao usipokuwepo usakinishaji hukwama hapo. Mafaili yake yamo kwenye diski ya Windows, folda ya sources\sxs, na yanafaa kunakiliwa ndani ya kifurushi. Tatu ni draiva ya adapta inayounganisha USB na waya za injini, ya toleo lile lile lililojaribiwa. Nne, leseni inayoweza kuwashwa bila mtandao. Leseni nyingi hutazama tarehe ya laptopu, kwa hiyo betri ya saa ikifa na tarehe ikarudi nyuma miaka kadhaa, programu inaweza kukataa kufunguka ingawa leseni imelipiwa.

Kisha kuna mafaili ya kontrola yenyewe. Yapangwe kwa namba ya kontrola iliyo kwenye kibandiko chake, wala si kwa jina la injini, maana injini mbili za jina moja zinaweza kubeba kontrola za namba mbili. Faili lisilo lake likikataliwa, hiyo ni bahati. Likikubaliwa, injini itapewa kipimo cha dizeli kisicho chake, na moshi mweusi utaonekana kabla ya sababu yake kujulikana.

Kila faili liwe na namba yake ya uhakiki ya SHA-256, tarakimu na herufi 64, iliyoandikwa kwenye karatasi ya kifurushi. Kwenye Windows fundi huandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, akalinganisha. Flashi diski iliyozungushwa kwenye mifuko miaka miwili hunakili faili bovu bila kulalamika. Na ikiwa kifurushi ni faili moja kubwa kupita GB 4, flashi ya mfumo wa FAT32 haitalipokea, tumia exFAT.

Orodha ya kodi za hitilafu nayo ni sehemu ya kifurushi, na ningependa iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Injini zinazotumia J1939, utaratibu wa mawasiliano wa injini kubwa, hutoa namba mbili: SPN husema ni kitu gani, FMI husema kimefanyaje. SPN 100 ni presha ya oili. Ikija na FMI 1, presha imeshuka kweli hadi kiwango cha hatari: zima injini. Ikija na FMI 4, volti ya sensa iko chini kuliko kawaida, na mara nyingi kosa liko kwenye waya au plagi. Fundi asiye na orodha humwaga oili nzuri kwa sababu ya waya uliogusa bodi.

Kifurushi kizuri pia huwa na ukurasa mmoja wa kupima kabla ya kuilaumu programu, na pwani ukurasa huo una kazi kubwa, kwa kuwa chumvi huingia kwenye plagi na pini hugeuka kijani. Zima umeme wa injini, weka mita ya omu kati ya pini C na D, zinazobeba laini ya mawasiliano ya J1939, za plagi ya pini 9. Usomaji sahihi ni omu 60 hivi, kwa kuwa kila ncha ya laini ina kizuizi cha omu 120. Ukipata 120, kizuizi kimoja hakipo au waya umekatika. Ukikaribia sufuri, waya mbili zimegusana. Pini A ni hasi na B ni chanya ya betri.

Kuflashi ndiko kunakoua kontrola. Umeme ukishuka katikati ya kuandika, kontrola hubaki na nusu ya programu na huenda isiamke tena bila kifaa cha kiwandani. Unganisha chaja tulivu, isiyo kwenye hali ya kustua gari, ili betri ya mfumo wa volti 12 isishuke chini ya 12 na ya mfumo wa 24 isishuke chini ya 24. Laptopu ichomekwe kwenye umeme na izimiwe kulala. Antivairasi ielekezwe mapema kuiacha folda ya kifurushi, isije ikaondoa faili kazini.

Kabla ya yote hayo, soma na uhifadhi mipangilio iliyomo kwenye kontrola. Lipe faili jina lenye namba ya kontrola, mahali na tarehe, nakala moja ibaki kwenye laptopu na nyingine kwenye flashi. Toleo jipya likileta tatizo, hilo ndilo litakalorudishwa, na kifurushi kisicho na folda tupu ya kulipokea hakijakamilika.