Jani la mzabibu kwenye kundi la WhatsApp

Ijumaa jioni, tuseme, mwalimu wa Biolojia wa sekondari ya kutwa kule Hombolo anatuma picha moja kwenye kundi la darasa: jani la mzabibu lenye weupe juu yake. Chini ameandika: "Huu weupe ni ugonjwa, ni dawa, au ni vumbi la barabara? Umejuaje?" Kwangu mimi, somo la Jumatatu limeshaanza.

Walimu wengi tunaokutana nao kwenye mafunzo kazini hapa Dodoma, ukiwauliza wanatumiaje mitandao ya kijamii kufundishia, hujibu kwa neno moja: noti. Wanatuma noti. Siwacheki, kwani nami nimepita hukohuko. Niliwahi kuwatumia wanachuo wangu faili la kurasa arobaini na ushee, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Wiki mbili baadaye nikauliza jambo lililokuwa ukurasa wa tatu, darasa zima likanyamaza kama maji ya mtungini. Faili walikuwa nalo wote. Aliyelifungua sikumpata.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa saikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo kila mwalimu angepaswa kulijua. Wanafunzi walisoma kifungu, kisha wengine wakakirudia kukisoma na wengine wakaandika walichokikumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja kibao kikageuka: waliojipima walikumbuka zaidi. Noti za kwenye simu humpa mwanafunzi nafasi ya kurudia kusoma, akizifungua. Swali humlazimisha kuchimbua kichwani mwake.

Rudi kwenye jani letu. Ubwiri unga ni ukungu unaoota juu ya majani na machipukizi ya mzabibu. Wakulima hupambana nao kwa salfa, nayo huacha unga wake, ila wenye umanjano. Vumbi nalo, ukiligusa kwa kidole kibichi, linakuwa tope. Haya mwanafunzi atayapata kwa babu yake au kwa jirani mwenye shamba, arudi na sauti ya dakika moja akieleza alichokiona. Mwalimu wa Historia kule Kondoa anaweza kufanya vivyo hivyo kwa michoro ya miamba iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006: mchoraji alitoa wapi rangi nyekundu? Tazameni udongo wa kwenu kwanza, ndipo mjibu.

Kuna suala la bando, na hili haliepukiki. Sauti ya dakika moja hula kipande kidogo tu cha MB moja. Video ya muda huohuo hula mara nyingi zaidi. Mwalimu anayetuma video tano kwa siku anamtoza mzazi ada asiyoitangaza. Simu yenyewe, mara nyingi, ni ya baba au mama, nayo hurudi nyumbani na mwenyewe jioni. Kwa hiyo swali litumwe mapema na muda wa kujibu ufike hadi Jumapili usiku.

Jihadhari pia na kura za WhatsApp. Ni rahisi na hazili bando kubwa, lakini kwa kawaida kila aliyemo kundini anaona nani kachagua nini. Kiranja akishabonyeza jibu, nusu ya darasa inamfuata. Afadhali majibu yaje kwa mwalimu faragha, kisha yeye ateue mawili yanayopingana na kuyaweka kundini bila majina.

Majina hasa ndiyo yanayotuponza. Mitandao mikubwa huweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kujiunga, hivyo kwa shule za msingi kundi liwe la wazazi, kwa namba zao. Nchini kwetu ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha ya mtoto akiwa kashindwa swali ubaoni, au orodha ya matokeo kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, si ya kurushwa kundini, hata kama wazazi wenyewe wanaidai. (Na wataidai.)

Wapo wanafunzi ambao kwao hakuna simu kabisa, au kuna kiswaswadu kisichopokea picha. Swali lao liandikwe ubaoni Ijumaa kabla ya kengele ya mwisho. Jumatatu mwalimu aje na majani mawili halisi mkononi, lenye ubwiri na lenye vumbi, awaite hao kwanza mbele wayashike, wayapulize, waseme lipi ni lipi. Waliojibu kwenye simu wasikilize, halafu ndipo wafungue midomo.