Alama za vidole na mpelelezi wa enzi ya Victoria

Wasomaji wengi wa hadithi za upelelezi wanaamini kwamba mpelelezi wa Uingereza wa enzi ya Malkia Victoria, akiitwa kwenye shule ya bweni ya mbali ambako wasichana wametoweka, angepuliza unga dirishani na kumtambua mhalifu kwa alama za vidole. Dhana hiyo inaeleweka, maana filamu zimeirudia mno, lakini tarehe zinaikataa.

Malkia alifariki Januari 1901. Ofisi ya alama za vidole ya polisi wa London ilianza mwaka huohuo, miezi kadhaa baadaye, na mtu wa kwanza kutiwa hatiani nchini humo kwa ushahidi huo alihukumiwa 1902, kwa wizi wa kuvunja nyumba. Hata kipimo cha kutofautisha damu ya binadamu na ya mnyama kilipatikana karibu na 1901.

Kabla ya hapo kazi ilikuwa ya miguu na masikio. Viatu gani havipo chini ya kitanda? Nguo za wanafunzi ziliandikwa majina kwa ajili ya dobi, kwa hiyo shimizi iliyookotwa njiani ilikuwa na mwenyewe. Karani wa tiketi aliulizwa, simu ya maandishi (telegramu) ikapelekwa stesheni ya mbele. Watumishi wa jikoni, kwa maoni yangu, ndio waliojua mengi.

Ukitaka kuhakiki, linganisha mwaka wa kisa na mwaka mbinu ilipoanza. Kumbukumbu za kesi za London, 1674 hadi 1913, husomwa bure mtandaoni. Tazama mashahidi walivyohojiwa.