Je, wajua kwa nini feni za kompyuta inayopozwa kwa maji hazifai kuisikiliza prosesa, ule ubongo wa mashine?

"Sheikh, hiyo mashine yako ina pumu?"

Aliyeuliza ni jirani yangu wa Kikwajuni, Unguja, fundi wa magari, usiku mmoja wa maleleji, kaskazi imeshakata na kusi haijaanza, hata pazia halitikisiki. Yeye yuko barazani, dirisha langu liko wazi, mimi ndani nahariri video ya harusi. Kila nikisogeza kipande cha picha, feni zinavuma hadi nje. Nikitoa mkono, zinanyamaza. Nikifungua ukurasa wa intaneti, zinavuma tena. Kweli ilikuwa kama mtu anayetafuta pumzi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kompyuta hiyo hupozwa kwa maji, na nilitoa fedha si haba nikitaka utulivu. Kumbe maji hayakuwa na kosa, wala feni. Feni zilikuwa zikipokea amri kwa asiyestahili kuzitoa.

Nilimweleza jirani jinsi ilivyo ndani. Juu ya prosesa kuna kibamba cha shaba, maji yanapita ndani yake yakibeba joto, pampu inayasukuma kwenye mipira hadi kwenye rejeta, feni zinapuliza hewa katikati ya vibati vyembamba vya rejeta, na maji yanarudi yamepoa. Akacheka. "Si injini hiyo! Sasa feni yake inawashwa na nini?"

Hapo ndipo nilipogutuka. Kwenye magari yenye feni ya umeme, sensa, kile kifaa cha kupimia joto, imezama ndani ya maji, na maji yakifika nyuzi tisini na kitu, feni inawaka. Hakuna fundi anayeuliza pistoni ina joto gani. Kompyuta yangu ilikuwa ikifanya kinyume. Madabodi, bao kuu linalounganisha vifaa vya ndani, kwa kawaida hutoka kiwandani ikiwa imepangwa kusoma joto la ndani ya prosesa na kuziendesha feni kwa joto hilo. Kwa kompyuta inayopozwa kwa hewa mpango huo unafaa, kwa sababu feni inapuliza chuma kilichoikalia prosesa yenyewe. Kwenye ya maji, kati ya feni na prosesa kuna kitu kizito kilicholala.

Uzito wenyewe ni huu. Lisikilize paa la bati siku yenye mawingu: jua likichomoza linalia ta, ta, wingu likipita linalia tena, linajikunja. Dakika chache tu na limeshabadilika. Pipa la maji lililo uani chini ya jua hilo hilo halina habari, litakuwa na uvuguvugu ule ule hadi alasiri. Prosesa ni bati. Ni kipande kidogo kupita stempu ya barua, na ukiipa kazi ghafla hupanda nyuzi 20 kufumba na kufumbua, kisha hushuka vivyo hivyo kazi ikiisha. Maji ni pipa.

Hesabu yake si ngumu. Kupandisha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi huhitaji jouli 4,186 hivi. Kompyuta inayotoa wati 200 za joto, yaani jouli 200 kila sekunde, itachukua sekunde 21 kuipandisha lita hiyo kwa nyuzi 1, tena hapo rejeta iwe haitoi hata chembe. Kufungua ukurasa wa intaneti kukizalisha wati 100 za ziada kwa sekunde 2, hizo ni jouli 200: maji yanapanda kiasi cha sehemu ya ishirini ya nyuzi moja. Prosesa imeshapiga kelele, feni zimeshakimbia, na rejeta ambayo feni zinaipuliza haina joto jipya la kutoa. Ni mbio za bure.

Mimi napenda kulifikiria joto la prosesa kama nyumba ya ghorofa. Chini kabisa ni joto la chumba. Juu yake ni kiasi ambacho maji yamelizidi joto la chumba. Juu kabisa ni kiasi ambacho prosesa imeyazidi maji. Ghorofa ya juu hupanda na kushuka papo hapo, na mwenye amri nayo ni kibamba cha shaba, ile dawa ya kupitishia joto inayopakwa chini yake, na mwendo wa maji. Feni haiwezi kufika huko, yake ni ghorofa ya kati tu. Basi kwa nini umpe mtu wa ghorofa ya kati kengele ya ghorofa ya juu?

Wazee waliliita feni pangaboi, jina lililotokana na kijana aliyekuwa akivuta kamba ya panka kuwapepea wakubwa. Mfikirie kijana huyo akivuta kwa nguvu zote kila bwana anapopangusa jasho, na kuacha kila bwana anapoiweka leso chini. Angechoka kabla ya adhuhuri.

Dawa, basi, ni kuifanya feni isome joto la maji. Mfumo uliojengwa kwa mkono huhitaji sensa ndogo inayofungwa kwa hesi mahali popote maji yanapopita, na nyaya zake mbili huchomekwa kwenye madabodi. Si kila madabodi ina tundu hilo, kwa hiyo tazama kitabu chake kabla hujanunua sensa. Nilihangaika sana kuchagua pa kuiweka, kabla ya rejeta au baada yake. Sikuhitaji: maji yakizunguka lita 4 kwa dakika na joto likiwa wati 200, tofauti kati ya upande wa moto na wa baridi haifiki hata nyuzi 1. Mifumo mingi iliyofungwa kiwandani ina sensa yake ndani na hutuma taarifa kwa waya wa USB, ukaisoma kwa programu ya mtengenezaji. Kwenye Windows kuna pia programu ya bure iitwayo FanControl. Na kama huna sensa ya maji kabisa, bayosi nyingi, yaani ile mipangilio ya madabodi yenyewe, zina mahali pa kuichelewesha feni isiitikie kila mruko wa joto. Weka ucheleweshaji mrefu kadiri inavyokubali. Si sawa na sensa, lakini jirani atalala.

Zitazame nyaya za feni pia. Yenye nyaya tatu hupunguzwa mwendo kwa kupunguziwa volti. Yenye nne hupata volti 12 wakati wote, na waya wa nne ndio unaoleta amri, kwa mapigo ya kuwasha na kuzima mara 25,000 kwa sekunde. Pigo likirefuka, feni inaongeza mwendo. Chagua namna inayolingana na feni yako kwenye bayosi, maana feni ya nyaya tatu ikiwekwa kwenye namna ya mapigo itakimbia mwendo wa mwisho bila kusikia la mtu. Tundu moja la feni kwa kawaida hubeba ampea 1 tu, kwa hiyo usilirundikie feni sita. Pampu iache na mwendo mmoja usiobadilika. Na tundu lililoandikwa CPU_FAN lisiachwe tupu, ama sivyo mashine italalamika kila unapoiwasha.

Sasa njoo kwenye jambo linalotuhusu sisi wa visiwani. Maelekezo mengi huandikwa na watu wa nchi za baridi, nao hukwambia feni zianze kuongeza mwendo maji yakifika nyuzi 30, zifike mwisho kwenye 40. Chumba changu kwenye kaskazi, saa nane mchana, chenyewe ni nyuzi 31. Rejeta haiwezi kuyashusha maji chini ya joto la chumba, hata uifunge feni kumi. Mtungi wa bibi unaweza, kwa sababu maji yanapenya kwenye udongo na kugeuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Maji ya kompyuta yamefungiwa, hayatoi mvuke. Nilipofuata maelekezo yale, maji yalikuwa 34 nikiwa sijafanya lolote, na feni zilikuwa nusu mwendo kutwa nzima.

Kipimo chetu kiwe tofauti kati ya maji na chumba. Ikifika nyuzi 5, feni zianze kuamka. Ikipita 15, zikimbie. Aliye na sensa ya pili ya hewa anaweza kuiagiza programu ipige hesabu ya tofauti hiyo yenyewe. Asiye nayo apange kwa msimu wa joto kabisa. Mimi nimeweka hivi: maji chini ya nyuzi 36, feni asilimia 30, kwenye 40, asilimia 45, kwenye 45, asilimia 70, kwenye 50, zote. Pampu na mipira mingi hutengenezwa kuvumilia maji ya nyuzi 60 hivi, kwa hiyo bado pana nafasi. Kusi likiingia na chumba kikishuka hadi 26, kazi nyepesi haiyafikishi maji 36, na feni hazisikiki kabisa.

Usione uchoyo kuziacha polepole. Feni ikipunguzwa nusu ya mwendo hupuliza nusu ya hewa, lakini hula kama sehemu ya nane tu ya umeme, na kelele zake hushuka mno.

Tofauti hiyo inanitumikia kwa lingine nisilolitarajia. Nikihariri kazi ile ile, maji yalikuwa nyuzi 9 juu ya chumba. Miezi ikapita, yakawa 11, kisha 13, wala sikugusa kitu. Nikaifungua rejeta: vumbi na unyevu wa bahari vimeshikana kwenye vibati kama sufi ya mto. Jirani alileta pampu yake ya upepo kutoka gereji, nami nikaingiza kidole kwenye feni zisizunguke, kwani upepo ule unaweza kuzizungusha hadi ziharibike. Jioni ile namba ikarudi 9.