Uwiano wa vigeu viwili: kwenda pamoja si kusababishana

Ukitaja neno uwiano hapa Nairobi, wengi huwazia Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ile inayofuatilia matamshi ya chuki. Aliyesomea hesabu shuleni hukumbuka uwiano wa mchele na maji, vikombe viwili kwa vitatu. Kuna uwiano wa tatu, ule wa takwimu, na huu ndio unaowahangaisha wanafunzi wanaoniletea tasnifu zao zikiwa na jedwali zuri na hitimisho ambalo jedwali lile halikusema.

Wa karibuni alikuwa amewahoji wafanyabiashara wa mitumba katika soko la Gikomba. Aliuliza kila mmoja amehudhuria mafunzo mangapi ya biashara na anapata shilingi ngapi kwa wiki. Programu ya takwimu ikamtolea 0.62. Chini yake akaandika: "Mafunzo yanaongeza mapato." Nikamwomba tuiache sentensi hiyo kidogo, turudi kwenye ile namba.

Kitu kinachobadilika kutoka siku hadi siku, au kutoka mtu hadi mtu, huitwa kigeu. Joto la asubuhi ni kigeu, mapato ya wiki ni kigeu. Uwiano wa kitakwimu ni kipimo cha jinsi vigeu viwili vinavyokwenda pamoja. Kimoja kikipanda na kingine hupanda, uwiano ni chanya. Kimoja kikipanda kingine hushuka, uwiano ni hasi. Namba yenyewe huandikwa r, na haitoki nje ya -1 na 1. Ikikaribia 0, basi kwa mstari ulionyooka hakuna cha kuonyesha.

Tumchukue mama anayeuza chai kwenye steji. Tuseme amechagua siku tano za miezi tofauti, akaandika joto la asubuhi na vikombe alivyouza: nyuzi 14, vikombe 90; nyuzi 16, vikombe 80; nyuzi 18, vikombe 75; nyuzi 20, vikombe 60; nyuzi 22, vikombe 55. Wastani wa joto ni 18, wa vikombe ni 72. Siku ya baridi kuliko zote iko chini ya wastani wa joto kwa 4 na juu ya wastani wa vikombe kwa 18, kwa hiyo -4 mara 18 ni -72. Fanya hivyo kwa kila siku kisha ujumlishe, utapata -180. Sasa chukua zile tofauti za joto, zidisha kila moja kwa yenyewe, jumla yake ni 40. Za vikombe, vivyo hivyo, ni 830. Zidisha 40 kwa 830 upate 33,200, ambayo kipeuo chake cha pili ni kama 182.2. Gawanya -180 kwa 182.2 na r inakuwa -0.99. Hesabu yote ndiyo hiyo. Namsihi kila mwanafunzi aifanye kwa mkono walau mara moja, kwa sababu akishaifanya huona kwamba r inauliza jambo moja tu: siku ambayo hiki kiko mbali na wastani wake, je, kile nacho kiko mbali na wake, na kwa upande gani?

Wazo hili lilitolewa na Francis Galton huko Uingereza mwaka 1888, akilinganisha kimo cha watu na urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Karl Pearson aliliwekea hesabu tunayoitumia katika miaka ya 1890, ndiyo maana tasnifu husema "r ya Pearson".

Sasa, mambo ambayo -0.99 haisemi. Haisemi joto likipanda kwa nyuzi moja mama atapoteza vikombe vingapi. Angekuwa anauza vikombe 9, 8, 7.5, 6 na 5.5, r ingekuwa ileile. Mwanafunzi akiandika "uwiano mkubwa, kwa hiyo athari kubwa" amechanganya mambo mawili. Kisha, r huona mstari ulionyooka tu. Mvua ya masika ikiwa haba mahindi hukauka, ikizidi sana huoza shambani, na katikati mavuno huwa mazuri. Uhusiano huo kila mkulima anaujua, lakini ukiupima kwa r unaweza kupata namba iliyo karibu na sifuri. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga seti nne za data zenye r ileile, takriban 0.82. Ukizichora, kila jozi ya namba ikiwa nukta moja, seti moja ni wingu la kawaida, ya pili ni upinde, ya tatu ni mstari wenye nukta moja iliyotoroka, na katika ya nne uwiano wote umebebwa na nukta moja iliyokaa peke yake. Ndiyo maana nakataa kusoma r ya mtu kabla hajanionyesha mchoro wa nukta zake.

Gumu kuliko yote ni sababu. Mwezi wa Julai Nairobi huwa na baridi, chai hununuliwa sana na mafua nayo husambaa. Pima chai na mafua utapata uwiano chanya, ilhali hakuna anayedhani chai huleta mafua. Kigeu cha tatu, baridi, kinavivuta vyote viwili. Hapa jibu liko wazi kwa sababu baridi tunaihisi mwilini. Katika utafiti, kigeu cha tatu kwa kawaida hakionekani.

Kuna kisa cha hapa kwetu ninachokipenda sana. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi mwaka 1949. Pwani na karibu na Ziwa Victoria alikuta zaidi ya asilimia 20 wamebeba jeni ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kwenye nyanda za juu hawakufika asilimia 1. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Uwiano wa wazi kabisa, lakini ungeweza kumdanganya, maana watu wa pwani na wa nyanda za juu hutofautiana pia kwa asili na chakula. Kwa hiyo hakuishia hapo. Aliwapima watoto 290 nchini Uganda, eneo moja. Kati ya 43 waliobeba jeni hiyo, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasioibeba, walikuwa navyo 113. Kisha akafanya jambo ambalo kamati ya maadili ya leo ingelichunguza sana kabla ya kuliruhusu: watu wazima 30 waliojitolea waliambukizwa malaria makusudi. Waliobeba jeni walikuwa 15, na vimelea vikashika kwa wawili tu. Kwa wale 15 wengine, vikashika kwa 14. Matokeo aliyachapisha mwaka 1954. Angalia umbali alioutembea kutoka kwenye ramani mbili zinazofanana hadi kwenye kauli kwamba jeni hiyo hukinga.

Nilimsimulia kijana wa Gikomba kisa hiki, kisha nikamuuliza ni nani anayeweza kufunga kibanda siku nzima aende mafunzo. Akafikiri. "Mwenye msaidizi, mwalimu," akasema. Na mwenye msaidizi ni yule ambaye tayari anapata. Basi 0.62 yake ingeweza kusomwa kinyumenyume: mapato ndiyo yanayopeleka watu kwenye mafunzo. Tukaipekua hojaji yake yote tukitafuta mapato ya kila mtu kabla ya mafunzo. Hakuwa ameuliza. Akaifuta ile sentensi, akaandika kwamba waliohudhuria mafunzo zaidi walikuwa pia na mapato zaidi, na Jumatatu alfajiri akarudi Gikomba na swali moja la ziada.