Je, wajua kwa nini kampuni inaweza kukua na hisa zake bado zikakutia hasara?

Siku hizi hapa Malindi ukikaa barazani na vijana wenye apu za kununua hisa za Marekani, ubishi ni uleule, Nvidia, ile kampuni ya chipu za kompyuta, ishakuwa ghali au bado, na anayesema bado hoja yake huwa moja: si mwaona kampuni inavyokua? Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kukua kwa kampuni ni jambo moja, bei uliyonunulia ni jingine kabisa, na ukiyachanganya unaweza kupoteza akiba yako na kampuni wala haijaharibika.

Tazama Cisco, wale watengenezaji wa mitambo ya intaneti. Machi 2000 hisa yao ilifika kama dola 80. Mauzo ya mwaka huo yalikuwa karibu dola bilioni 19, kufika 2010 yakawa bilioni 40, yaani zaidi ya maradufu, lakini hisa ilishaanguka chini ya dola 10 mwaka 2002 na hiyo 2010 nzima haikugusa hata 30. Kampuni ilikua kweli, ila aliyenunua kwa 80 alikuwa ashalipia ukuaji mkubwa kuliko huo.

Ni kama mchuuzi anayenunua maembe ya ngowe yangali maua mtini. Auzunguka mti, akisia, amlipa mwenye shamba leoleo. Akilipia hesabu ya maembe 1,000 na mti ukazaa 600, hasara ni yake, na mti umezaa vizuri tu.

Sasa chukua hisa ya shilingi 100 yenye faida ya shilingi 2 kwa mwaka. Faida isipokua, itachukua miaka 50 kujumlika 100. Ikikua asilimia 20 kila mwaka ni miaka 13 na kidogo, ikikua asilimia 50 ni kama 8 tu (ingawa kampuni zinazoweza kukua hivyo miaka 8 mfululizo ni chache mno). Hisa ileile, bei ileile, kilichobadilika ni makisio, ndio maana wajuzi wawili husoma hesabu zilezile mmoja akasema rahisi, mwingine ghali. Na hapo riba hatujaigusa, maana shilingi ya leo ungeiweka kwenye bili za hazina, yaani kuikopesha serikali kwa muda mfupi, ikazaa, ya mwaka wa 13 bado waingoja.

Kwa hiyo anayekwambia Nvidia ni rahisi muulize: itakua asilimia ngapi, na kwa miaka mingapi?