Je, wajua kwa nini sarafu ikidondoka Epidaurus inasikika hadi safu ya 55?

Ziara za siku moja kutoka Athens kwenda Peloponnese, rasi ya kusini mwa Ugiriki, hufanana kama pacha. Basi linaondoka asubuhi, linasimama kidogo kwenye mfereji wa Korintho (ndiyo, Korintho ile ya nyaraka za Mtume Paulo) watu wapige picha, kisha linazunguka Mycenae, Nafplio na Epidaurus. Hapo Epidaurus mwongoza watalii huwapandisha wageni wake ngazi hadi juu kabisa ya ukumbi wa kale wa maigizo, safu ya 55, yeye akabaki chini, katikati ya uwanja wa duara. Anatoa sarafu mfukoni. Anaiinua juu waione. Anaidondosha kwenye jiwe. Ti! Watu walio karibu mita 60 kutoka kwake wanapiga makofi. Akiwa na moyo atachana karatasi pia, na kuwasha kiberiti.

Sarafu inafikaje huko juu?

Mimi nilikuwa na jibu tayari: umbo. Ukumbi umejipinda kama bakuli, na bakuli hukusanya sauti kama dishi la televisheni linavyokusanya mawimbi. Nimelitoa jibu hilo mara nyingi, tena kwa kujiamini, na hakuna aliyewahi kunibishia. Nilichemka. Litazame dishi vizuri. Mawimbi yanayolipiga hurudishwa mbele, kwenye kile kidude kilichoshikiliwa na mkono wa chuma. Kazi yote inafanyika pale. Sasa Epidaurus watazamaji hawakai kwenye kidude, wanakaa kwenye dishi lenyewe. Sauti inayogonga ngazi zilizouzunguka uwanja inarudi ilikotoka, kwa mwigizaji. Ndiyo maana ukisimama juu ya lile jiwe la duara la katikati ukasema neno, unajisikia mwenyewe kana kwamba kuna mtu kakuwashia spika. Bakuli linamfaidi anayesema. Anayesikiliza anasaidiwa zaidi na mwinuko, kwa kuwa kichwa cha wa mbele hakimzibii njia ya sauti. Lakini viwanja vya mpira navyo vina mwinuko, na jukwaa la juu husikii hata filimbi ya refa vizuri.

Majibu mengine mawili yanayozunguka hayana nafuu. La kwanza ni upepo, kwamba unavuma kutoka chini na kuibeba sauti. Siku tulivu sarafu inasikika vilevile, na upepo ukizidi ndiyo kwanza unaleta kelele. La pili ni vinyago, kwamba waigizaji walivaa vinyago vyenye mdomo mpana uliofanya kazi ya kipaza sauti. Hapa lazima niwe mwangalifu: vinyago halisi vya jukwaani vilitengenezwa kwa vitu vinavyooza na hakuna kilichobaki, vilivyopo makumbusho ni nakala za udongo na marmar, kwa hiyo hakuna cha kupimwa. Ila mwongoza watalii hajavaa kinyago, na sarafu pia haijavaa.

Historia yenyewe kwa ufupi. Ukumbi ulijengwa mwishoni mwa karne ya 4 KK ndani ya eneo takatifu la Asklepios, mungu wa uponyaji, ambako wagonjwa walikwenda kulala wakisubiri ndoto ya tiba. Safu 34 za chini ndizo za kwanza, 21 za juu zikaongezwa baadaye, na kwa jumla wanaenea watu kama 14,000. Ulifukiwa na udongo kwa karne nyingi, mpaka mwanaakiolojia Mgiriki Panagis Kavvadias alipoanza kuuchimbua mwaka 1881.

Turudi kwenye sarafu. Mwaka 2007 watafiti wawili, Nico Declercq na Cindy Dekeyser, walichapisha hesabu zao kuhusu ukumbi huu, na mshukiwa wao hakuwa bakuli. Walizinyooshea kidole ngazi za kukalia.

Chukua bati la migongo. Pitisha ukucha juu yake, kukata migongo: trrrrr, kila bonde linausimamisha. Sasa pitisha kiganja kizima. Kinateleza, mabonde hakiyahisi sana. Sauti nazo ziko hivyo. Sauti nyembamba, kama ya filimbi au sarafu, ina mawimbi mafupi: ndiyo ukucha. Sauti nene, kama ya ngoma kubwa au mngurumo wa umati, ina mawimbi marefu: ndiyo kiganja. Kila ngazi ya Epidaurus ina upana wa kama sentimita 75. Wimbi la mitetemo 500 kwa sekunde lina urefu wa karibu sentimita 70. Kwa hiyo mpaka uko maeneo hayo: mawimbi yaliyo mafupi kuliko ngazi yanaikamata kila ngazi na kurushwa kuelekea kwa wasikilizaji, yale marefu zaidi yanadidimia. Minong'ono ya umati na uvumi wa miti, ambavyo vingi ni vinene, vinapungua. Sarafu inabaki peke yake hewani.

Hapo mtu makini atauliza: na mwigizaji je? Sauti ya mwanamume mzima inaanzia mitetemo 100 na kitu kwa sekunde. Si ingechujwa pamoja na kelele?

Inachujwa, na masikio hayajali. Kumbuka simu ya mezani ya zamani. Ilikuwa inakata karibu kila kitu kilicho chini ya mitetemo 300, na bado baba akipiga ulimjua kabla hajamaliza kusema "haloo", na besi yake uliisikia. Sauti yake haikuwa na mtetemo mmoja tu. Kama msingi ni 120, juu yake kuna 240, 360, 480, 600 na kuendelea. Ng'oa za chini zote. Zilizobaki bado zimeachana kwa 120, na ubongo unajaza pengo. Ni kama fundi anayekuta nguzo tatu tu za ua zimesimama, akapima nafasi kati yake, akajua ya kwanza iliyong'olewa ilikuwa wapi.

Kama wajenzi walilijua hilo ni suala jingine. Vitruvius, msanifu majengo Mrumi aliyeandika karne tatu hivi baadaye, aliifananisha sauti na viduara vya maji yaliyotupiwa jiwe, akaagiza ngazi zipangwe ili kamba ikivutwa kutoka ya chini kabisa hadi ya juu iguse kingo zote. Alikuwa anafikiria kuondoa vizuizi. Kuchuja besi hakutaji.

Tena hizo zilikuwa hesabu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, walitoa matokeo ya vipimo walivyochukua palepale ukumbini, na utamu ukapungua kidogo. Sarafu inasikika hadi juu, lakini kwamba ni sarafu inatambulika hadi nusu ya ngazi tu. Karatasi vivyo hivyo. Kiberiti ndiyo hafifu zaidi, na mnong'ono unaeleweka na wa mbele kabisa. Mwigizaji asipopaza sauti, wa juu hampati. Kwa kuwatetea Wagiriki, ukumbi uliopimwa ni gofu: lile jengo la nyuma ya waigizaji, ambalo lingerudisha sauti kwa watu, halipo tena.

Kwa nini basi wale wa safu ya 55 huapa kwamba wamesikia sarafu? Nadhani ni kwa sababu wamemwona mwongoza watalii akiitoa mfukoni.

Ukienda, mwombe akupe mgongo. Mwachie sarafu, ufunguo na kifuniko cha chupa, achague mwenyewe cha kudondosha, nawe ukiwa juu kabisa uandike ulichosikia kabla hajageuka.