Nilipozima maiki: waigizaji walionifunga mdomo

Kazi yangu ni kusema juu ya sauti za watu wengine. Mimi ni dijei wa filamu hapa Kigoma, mmoja wa wale mnaowasikia wakitafsiri picha kwa Kiswahili huku risasi zikilia nyuma yao. Nilianzia kwenye banda la mabati pale Ujiji, spika mbili na jenereta lililokuwa likikohoa kuliko watazamaji. Siku hizi kazi kubwa naifanyia nyumbani kwenye kompyuta, ila Ijumaa jioni bado naingia bandani na maiki mkononi. (Habari ya leseni na haki za wenye picha ni ndefu na ina aibu zake. Nitaiandika siku yake.)

Watu hudhani dijei anajua filamu kwa sababu ameona nyingi. Walioona nyingi ni wengi mno hapa mjini. Sisi kinachotutofautisha ni kurudia. Sini moja unairudisha nyuma mara kumi, mara ishirini, ukitafuta neno litakaloenea kwenye mdomo wa mtu. Mwigizaji wa ovyo anakwisha mara ya tatu tu: unamwona kabisa anangoja mwenzake amalize ili naye aseme yake. Aliye mzuri kila ukimrudia unamkuta anafanya jambo ambalo hukuliona mwanzo. Halafu wapo wachache ambao nikifika kwao nazima maiki, maana chochote nitakachosema ni takataka.

Huo ndio mzani wangu. Kila Januari majina ya wanaowania Oscar, zile tuzo kubwa za filamu za Marekani, yakitoka, vijana wa bandani huniletea orodha kwenye simu, nami huishia kuwaza wale walionizimisha maiki ambao orodha hiyo haijawahi kuwataja.

Wa kwanza ni Amandina Lihamba. Wengi mnamjua kama profesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika Maangamizi, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, anacheza Samehe, mgonjwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ambaye hajatamka neno kwa miaka mingi. Daktari Asira, anayechezwa na BarbaraO, ni Mmarekani mweusi anayejaribu kumfikia. Na Maangamizi mwenyewe, yule bibi wa kale anayemjia Samehe, anachezwa na Mwanajuma Ali Hassan.

Sasa mfikirieni dijei. CD imo ndani, maiki iko mkononi, banda limejaa, na steringi hasemi!

Nikafanya tunavyofanya siku zote, nikamsemea. "Huyu mama ana siri nzito, ndugu watazamaji, subirini muone." Kulikuwa na bibi mmoja muuza dagaa kutoka Katonga, aliyekuja kumtafuta mjukuu wake akaishia kukaa kwenye benchi la mbele. Akanigeukia gizani: "We mtoto, hebu mwache mwenzio." Hakulalamika kwamba hasikii vizuri. Alinikemea kama vile Samehe yumo bandani pamoja nasi na mimi ndiye ninayemsumbua. Nikazima maiki, na picha ikaenda hivyo hadi mwisho.

Kunyamaza mbele ya kamera ni kazi tofauti kabisa na kukaa kimya. Mwigizaji mwenye maneno huyaegemea maneno yake: akipotea, sentensi inayofuata itamwokoa. Asiye na maneno amebaki na pumzi, kope za macho, na muda, yaani kujua ageuke lini na achelewe kiasi gani kugeuka. Lihamba isitoshe ni mtu wa jukwaa, na jukwaa humfundisha mtu kurusha sauti hadi benchi la nyuma. Kumnyang'anya sauti mtu wa namna hiyo ni kama kumnyang'anya mvuvi kasia katikati ya ziwa. Lakini mtumbwi wake unakwenda. Hajioneshi kwamba anateseka, wala hatafuti kuhurumiwa. Anaficha, na sisi tunaanza kuchungulia.

Tanzania iliipeleka Maangamizi kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, zile tuzo zilizotolewa Machi 2002. Haikuingia kwenye tano za mwisho. Iliyoshinda ni No Man's Land ya Bosnia, na miongoni mwa zilizoingia ilikuwamo Lagaan ya India. Lagaan sina ugomvi nayo hata kidogo. Ila uigizaji wa Lihamba ulistahili kujadiliwa peke yake, katika kundi la waigizaji wa kike, na huko hakuna aliyemtaja.

Kwa nini? Hapa inabidi niwaeleze mitambo inavyofanya kazi, kwa sababu bandani tunabishana kana kwamba kuna watu watano wamekaa kwenye chumba wanachagua kwa chuki.

Kwenye kundi la filamu za kimataifa kila nchi hupeleka filamu moja tu, inayochaguliwa na kamati ya nchi yenyewe. Zaidi ya nusu ya mazungumzo yasiwe Kiingereza. Lionheart ya Nigeria iliondolewa mwaka 2019 kwa sababu hiyo, nchi ambayo Kiingereza ndiyo lugha yake rasmi! Filamu iwe pia imeonyeshwa ukumbini, kwa watu wanaolipa, siku 7 mfululizo. Siku hizi zinachujwa hadi 15, kisha 5. Wakenya wanazijua siku hizo 7 kwa uchungu. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku kwao mwaka 2018, mahakama ikaifungulia mlango kwa siku 7 ili itimize sharti, na mwisho wa yote kamati ikapeleka filamu nyingine.

Tuzo za uigizaji zina njia yake. Wanaopendekeza majina ni wanachama waigizaji peke yao, na kila mmoja hupanga majina kwa kufuata anavyoyapenda. Aliyewekwa namba moja na kundi dogo linalompenda sana ana nafasi kuliko yule ambaye kila mtu anasema "naye alifanya vizuri" akamweka chini. Mwaka 2023 Andrea Riseborough aliingia hivyo, kwa filamu ambayo karibu hakuna aliyeiona: waigizaji wenzake wenye majina waliisema kwa nguvu siku za mwisho, basi. Na mwaka huohuo Danielle Deadwyler, aliyecheza mama ambaye mwanawe ameuawa katika filamu ya Till, akaachwa nje. Lugha nayo peke yake haizuii. Sophia Loren alishinda mwaka 1962 akisema Kiitaliano. Kinachohitajika ni filamu kulipiwa ukumbini Marekani, na kisha mtu wa kuwashika mkono wapiga kura awakalishe mbele yake. Kazi hiyo ina watu wake, ofisi zake na bajeti yake, na bajeti hiyo pengine inazidi gharama za filamu zetu kadhaa zikiwekwa pamoja.

Baada ya Maangamizi, Tanzania ilikaa kimya miaka zaidi ya 20. Filamu yetu iliyofuata kwenda huko ilikuwa Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na iliyotangulia kuonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950: Yasmin anaikimbia ndoa, Denge anahangaika na siasa za kumng'oa mkoloni. Wengi waliwatazama hao wawili. Mimi macho yangu yalibaki kwa Siti Amina, mwimbaji wa taarabu, anayecheza Mwajuma, rafiki anayempokea Yasmin.

Hii ya kwake sikuhitaji kuitafsiri, na ndipo nilipoelewa kinachopotea ng'ambo. Chukua neno "haya" tu. Kiswahili kina haya ya kukubali, haya ya kufukuza, haya ya kumtega mtu aendelee kujianika, na haya ya kumwachia mwenzio kiburi chake. Mwimbaji wa taarabu ameishi ndani ya tofauti hizo, maana mipasho yote imejengwa hapo. Mpiga kura wa Los Angeles anasoma maandishi chini ya picha, na maandishi yanambebea maana peke yake. Mawimbi ya sauti yanabaki baharini. Yaani anapima nusu ya uigizaji, tena nusu ndogo.

Filamu ambayo Kenya iliipeleka mwaka 2018 badala ya Rafiki ilikuwa Supa Modo ya Likarion Wainaina. Jo, binti wa miaka tisa, anakufa kwa ugonjwa na anataka kuwa shujaa wa sinema, na kijiji kizima kinakubali kumdanganya. Ndani yake yumo jamaa mwenye banda la video, na nilipomwona nilicheka peke yangu kama mwehu. Stycie Waweru, mtoto aliyecheza Jo, alisifiwa sana na alistahili. Lakini aliyenizimisha maiki ni Marrianne Nungo, mama mtu. Yeye ni mkunga: anapokea watoto wa wenzake huku wa kwake anamsindikiza. Wamama wa bandani wanazijua vizuri sura za waigizaji wanaolia, wamezoea tamthilia za jioni, wakaanza kuandaa khanga za kufuta machozi. Nungo akawanyima. Alikuwa mkali, mbishi, mwenye hasira na binti yake mkubwa, akigombana na kila anayeleta faraja. Ukali ule ndio uliowaliza, wakati hakuna aliyekuwa amejiandaa. Tuzo kubwa hupenda mama anayepiga kelele na kuanguka, kwa sababu kipande hicho cha sekunde ishirini kinaonyeshwa vizuri jukwaani usiku wa sherehe. Kwa Nungo ungekata kipande gani?

Sasa nije kwa dada yetu Lupita Nyong'o. Mtasema huyu ana Oscar tayari, aliipata mwaka 2014. Ni kweli, na kwa sababu hiyo kisa chake kinafundisha kuliko vingine, maana yeye hakukosa jina wala ofisi za kumnadi. Katika Us ya Jordan Peele, 2019, anacheza watu wawili: Adelaide, mama mwenye familia, na Red, kivuli chake kinachokuja kudai maisha. Wahakiki wa filamu wa New York walimpa tuzo yao ya mwigizaji bora wa kike mwaka ule. Oscar hawakumwita hata kuwania.

Niliitafsiri Us. Ni kazi yangu mbaya kuliko zote, nakiri. Sauti ya Red inatoka kama ya mtu aliyekabwa koo miaka mingi na leo ndiyo anajaribu kulitumia. Nyong'o alisema aliitoa kwenye maradhi halisi ya misuli ya sauti. Nikasema niigize, nikakwaruza koo bandani, vijana wakapiga miluzi: "Dijei, kunywa maji!" Nikajaribu kuisema kwa sauti yangu ya kawaida, Red akageuka mtangazaji wa mpira. Mara ya tatu nikaelewa kwamba yule mwanamke amemjenga mhusika mzima kuanzia kooni kushuka chini. Shingo, mabega, hatua za miguu, vyote vinaifuata ile sauti. Halafu sini inayofuata ni Adelaide, koo safi, na mwili mwingine kabisa. Kosa lake ni kwamba ilikuwa picha ya kutisha, na wapiga kura wa Oscar kwa muda mrefu wamezichukulia picha za kutisha kama sisi tunavyochukulia pipi: unakula, hujisifu.

Kwa upande wa mji wetu, Kigoma nayo inaidai Oscar madeni yake madogo. Hadithi ya The African Queen inasemekana kuchotwa kwenye kisa cha meli yetu, ile ya Kijerumani Graf von Götzen iliyounganishwa hapa na kuingia ziwani 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Humphrey Bogart alipata Oscar yake pekee kwa filamu hiyo. Liemba haikupata hata mwaliko, na picha yenyewe walikwenda kuipigia Uganda na Kongo.

Deni la pili linaniuma zaidi. Jane ya Brett Morgen, 2017, filamu ya makala kuhusu mtafiti wa sokwe Jane Goodall, imetengenezwa kwa mikanda ya Hugo van Lawick aliyoipiga Gombe, hapa juu tu ukipanda boti Kibirizi. Zaidi ya saa 100 za picha zilikaa ghalani miongo kadhaa, nyingi bila sauti. Watengenezaji wakaijenga sauti ya msitu ule upya, na Philip Glass akatia muziki. Iliingia kwenye 15 za mwisho za filamu za makala, ikakatwa kwenye 5. Mimi ninayeishi kwa kufunika sauti za wengine nilikaa nikisikiliza watu waliofanya kinyume chake, wamerudisha ndege na majani na maji ya ziwa kwenye picha bubu, na nikaona wivu. Wazee wa Ujiji walioiona walikuwa wakiangalia kitu kingine kabisa: wale wanaume wa huku wanaopita nyuma ya Jane Goodall na mizigo. "Yule mwendo wake kama wa kwa kina fulani," mzee mmoja akasema, na picha ikabidi isimamishwe wabishane.

Ijumaa hii narudisha Maangamizi. Kiingilio ni shilingi 500, wazee bure, maiki nimeiacha nyumbani. Yule bibi wa Katonga ameshatuma ujumbe kwa mjukuu wake kwamba benchi la mbele lisikaliwe na mtu. Tatizo langu ni moja: CD imekwaruzika, na katikati ya picha Samehe huganda uso mzima kwa karibu dakika moja. Mara ya mwisho ilipoganda hakuna aliyepiga kelele wala mluzi, wote walidhani ndivyo anavyocheza. Mwenye nakala nzima aniambie tupatane bei.